Milimita 35: kiwango kilichokataa kufa

Kwa kawaida hapa huwa naandika juu ya programu, Linux na hifadhidata. Leo naomba mnivumilie, maana nataka kuzungumza juu ya kamera za filamu. Usifunge ukurasa bado! Kile kimkebe kidogo cha filamu kilichokuwa kikiuzwa kila duka la mjini kina historia ya viwango, ya biti na ya kipi hudumu na kipi hupotea. Mtu yeyote anayeandika programu ana la kujifunza humo, na mtu yeyote mwenye picha za wazazi wake nyumbani ana zaidi.

Kwanza kwa vijana ambao hawakuikuta filamu. Ulinunua mkebe wenye picha 24 au 36, basi. Ukipiga picha huioni. Unangoja mpaka mkanda wote uishe, na nyumbani kwetu hilo lingeweza kuanzia Krismasi mpaka Pasaka, kisha unaupeleka kusafishwa mjini. Mtoto akifungua mgongo wa kamera kabla ya wakati, mwanga unaingia na unaambiwa filamu imeungua. Hakuna cha kurudisha, hakuna "undo". Ndiyo maana mpiga picha wa Uhuru Park alikupanga vizuri kabla ya kubonyeza: kidevu juu, mkono kiunoni, usicheke. Kila kubonyeza kulikuwa na bei yake.

Ilitoka kwenye sinema

Upana wa milimita 35 haukubuniwa kwa ajili ya picha za familia. Miaka ya mwanzo ya 1890, William Dickson, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Thomas Edison huko Marekani, alichukua filamu ya Eastman yenye upana wa takriban milimita 70 na kuipasua katikati. Akapata mikanda miwili ya 35. Akatoboa matundu pembeni, manne kila upande kwa kila picha, ili mashine iuvute mkanda bila kuteleza. Sinema ya dunia nzima ikaufuata mpangilio huo.

Huko Ujerumani, Oskar Barnack aliingia kampuni ya Leitz mjini Wetzlar mwaka 1911. Alipenda kupiga picha milimani lakini alikuwa na pumu, na kamera za siku hizo zilikuwa masanduku mazito yenye sahani za kioo. Karibu mwaka 1913 na 1914 alitengeneza kamera ndogo ya majaribio iliyotumia mabaki ya filamu ya sinema. Picha ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24. Barnack aliupitisha mkanda kwa ubavu na akachukua nafasi ya picha mbili, yaani matundu manane, akapata milimita 24 kwa 36.

Piga hesabu kidogo hapa. Kutoka tundu moja hadi jingine ni milimita 4.75. Mara nane ni milimita 38. Picha yenyewe ni 36, kwa hiyo zinabaki milimita 2 za kutenganisha picha na jirani yake. Ukishika negativu leo utaiona hiyo nafasi. Vita vya kwanza vya dunia vilichelewesha mambo, na kamera hiyo, Leica, ilionyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925.

Tatizo likabaki moja. Mwenye kamera alilazimika kujaza mkanda mwenyewe ndani ya mkebe wake, gizani. Mwaka 1934 Kodak ilileta mkebe uliojazwa tayari kiwandani, pamoja na kamera iliyoitwa Retina, iliyotengenezwa Stuttgart. Mkebe huo ukapewa nambari 135. Ulifanywa hivi kwamba unaingia pia kwenye kamera za Leica na za washindani wengine. Sisi wa programu tunalijua jambo hili: ukitaka muundo wako utumike, uufanye uingie kwenye mashine ambazo watu tayari wanazo.

Waliojaribu kuiua

Hapa ndipo hadithi inaponoga. Kampuni zile zile zilizouza 135 zilijaribu mara nne kuleta kitu cha kuchukua nafasi yake au cha kuivuta pembeni.

Mwaka 1963 Kodak ilileta Instamatic na filamu ya 126. Ilikuwa kasha la plastiki: unalitumbukiza, unafunga, umemaliza. Hakuna kuhangaika na ulimi wa filamu. Watu waliipenda sana na ikauzwa kwa makumi ya mamilioni. Lakini lile kasha la plastiki ndilo lililoishika filamu, na halikuinyoosha vizuri kama kamera yenye bamba la kusukumia. Kwa picha ndogo za mkononi ilitosha. Kwa kazi ya maana haikutosha.

Mwaka 1972 ikaja 110, kamera ya kuingia mfukoni. Picha yake ilikuwa milimita 13 kwa 17, yaani milimita mraba 221. Ya 135 ni 864. Umepewa robo ya nafasi, kwa hiyo ukiikuza picha unaona chengachenga.

Mwaka 1982 ikaja Disc, filamu ya duara yenye picha 15, kila moja takriban milimita 8 kwa 11. Hiyo ni sehemu moja tu ya kumi ya 135! Kamera ilikuwa nyembamba na ya kupendeza, na picha zikawa na ukungu. Kodak iliacha kutengeneza kamera zake mwaka 1988.

Mwaka 1996 ikaja APS, na hii ilikuwa na akili kweli. Kodak, Fujifilm, Canon, Minolta na Nikon walikaa pamoja. Filamu ilikuwa na tabaka jembamba la sumaku lililoandikwa tarehe na umbo la picha unayotaka. Ni kama data ya ziada iliyomo ndani ya faili ya JPEG. Baada ya kusafishwa, filamu ilirudi ndani ya mkebe wake na hukuigusa tena. Lakini wakati huo kamera za dijitali zilikuwa tayari mlangoni. Kodak iliacha kamera za APS mwaka 2004, na filamu zake zikaisha kutengenezwa mwaka 2011.

Na 135? Iko madukani mpaka leo. Mwaka 2024 kampuni inayomiliki jina la Pentax ilitoa kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17, inayotumia mkebe ule ule wa 1934. Picha yake ni milimita 17 kwa 24, karibu kabisa na ile ya sinema ya Dickson. Mtu amezunguka zaidi ya miaka 130 na kurudi palepale.

Biti sita sita ubavuni mwa mkebe

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kama una mkebe wa filamu wa miaka ya 1980 au baadaye, utaona ubavuni miraba inayong'aa na miraba iliyopakwa rangi, safu mbili za miraba sita. Wengi tulidhani ni urembo. Huo ni msimbo wa DX, ulioletwa na Kodak mwaka 1983.

Mraba unaong'aa ni chuma tupu, unapitisha umeme. Uliopakwa rangi haupitishi. Kwa hiyo ni moja na sifuri. Ndani ya kamera kuna vipini vidogo vinavyogusa miraba hiyo. Mraba wa kwanza wa kila safu ni wa kukamilisha mzunguko wa umeme. Mitano iliyobaki ya safu ya kwanza inasema kasi ya filamu, yaani zile namba 100, 200, 400. Safu ya pili ina biti tatu za idadi ya picha na biti mbili za kiasi ambacho filamu inaweza kuvumilia mwanga ukizidi au ukipungua.

Tazama jinsi kasi ilivyopangwa. Biti tatu za kwanza zinahesabu umeongeza maradufu mara ngapi kuanzia 25, na biti ndogo hutangulia. 25 ni 000, 50 ni 100, 100 ni 010, 200 ni 110, 400 ni 001, hadi 3200 ambayo ni 111. Biti mbili za mwisho ni za theluthi: 10 ni kasi yenyewe, 01 ni theluthi moja zaidi, 11 ni theluthi mbili. Kwa hiyo filamu ya 400 inaandikwa 00110 na ya 200 inaandikwa 11010. Nane mara tatu ni kasi 24 tofauti.

Na 00 mwishoni? Haitumiki kabisa. Mkebe ambao hauna msimbo wowote utasomeka 00000, na kamera itajua hapa hakuna habari. Nyingi huchukulia ni 100 na kuendelea na kazi. Huyo aliyepanga hivi ningependa kumnunulia chai.

Kamera za bei nafuu hazikusoma biti zote. Zilisoma kipini kimoja au viwili, zikajua tu kama filamu ni ya polepole au ya kasi, na inatosha. Kamera za zamani hazikuwa na vipini, zikaendelea kufanya kazi bila kujali. Retina ya mwaka 1934 inakubali filamu ya DX bila kulalamika. Watu waliongeza uwezo mpya juu ya kiwango cha miaka 49 bila kuvunja kamera hata moja iliyokuwa mikononi mwa watu. Mimi nimeona programu zikivunja kazi za watu kati ya toleo la pili na la tatu, ndani ya miezi sita.

Na kama ilivyo kawaida, watundu hawakukosekana. Wapiga picha walikwangua rangi kwa kisu au kubandika utepe juu ya mraba ili kamera isiyo na kitufe cha kubadili kasi idanganyike.

Nyuzi 37.8

Mkebe peke yake haungetosha. Ilihitajika njia moja ya kusafisha. Mwaka 1972 Kodak ilileta mchakato wa C-41 kwa filamu za rangi, na watengenezaji wengine wakaufuata. Dawa ya kwanza inatumika kwa nyuzi 37.8 za Selsiasi, dakika 3 na sekunde 15. Iwe filamu ya Kodak, Fuji au Konica, dawa na dakika ni zile zile. Ndiyo sababu mtu aliweza kupiga picha Kisumu, akasafisha Mombasa, akachapisha upya London kwa shangazi, bila mtu yeyote kuuliza filamu ilinunuliwa wapi.

Lakini kiwango cha nani?

Nisiisifu mno. Viwango huwekwa na watu, na watu huweka kile wanachokiona mbele yao. Kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1950, maabara za picha zilipokea kutoka Kodak kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Wafanyakazi waliziita kadi hizo Shirley. Mashine ikirekebishwa mpaka ngozi ya Shirley ipendeze, kazi imekwisha. Ngozi nyeusi haikuwemo kwenye kipimo.

Matokeo yake wengi tunayo kwenye albamu. Picha ya pamoja shuleni, mgeni mweupe anaonekana kila nywele, na walio kando yake wamebaki macho na meno. Tukaambiana eti fulani "hatoki vizuri kwenye picha". Fulani hakuwa na kasoro yoyote. Filamu za rangi za miaka ile hazikupangwa kubeba vivuli vya kahawia kwa undani, na malalamiko yaliyosikilizwa mapema yalitoka, kwa mujibu wa utafiti uliofanywa baadaye, kwa wateja wa biashara waliotaka kupiga picha za chokoleti na samani za mbao. Miaka ya 1990 ndipo filamu zikaboreshwa na Kodak ikatoa kadi zenye watu wa rangi mbalimbali.

Wapiga picha wetu hawakungoja. Waliongeza mwanga kidogo zaidi ya ilivyoandikwa kwenye boksi, wakamsogeza mtu karibu na ukuta mweupe unaorudisha mwanga, wakamgeuza uso kuelekea dirishani. Hawakuwa na karatasi ya maelezo juu ya hilo. Kila ninaposikia programu ya kutambua nyuso imeshindwa kumtambua Mwafrika, hukumbuka Shirley. Data ya majaribio ni kipimo, na asiyekuwemo kwenye kipimo hatoki vizuri.

Kaseti ya Sasson

Desemba 1975, mhandisi wa Kodak aitwaye Steve Sasson alipiga picha kwa kamera isiyo na filamu. Ilikuwa na pikseli 100 kwa 100, yaani 0.01 ya megapikseli, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti ya muziki ya kawaida. Kaseti iliweza kubeba picha nyingi zaidi, lakini Sasson alichagua 30, kwa kuwa ni kati ya 24 na 36 ambazo watu walizoea. Hata mtoto wa dijitali alizaliwa akiwa na tabia za mzazi wake.

Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Watu wengi wanaijua sehemu hiyo. Isiyosemwa sana ni kwamba ukinunua leo kamera kubwa ya dijitali inayoitwa "full frame", kihisi chake cha mwanga ni milimita 24 kwa 36. Ni picha ya Barnack. Na zile ndogo zaidi zinaitwa APS-C, jina lililobaki la filamu ambayo haipo tena.

Mkebe wa biskuti

Sasa kwa nini ninawaambia haya yote?

Nyumbani kwetu kuna mkebe wa biskuti wenye negativu. Zilizo chini kabisa ni za harusi ya wazazi wangu, mwaka 1979. Mwaka jana nilizichukua nikaanza kuziskani. Zimekwaruzika, rangi zimefifia kidogo, lakini ukiinua moja dirishani unamwona bibi amesimama karibu na gari la kukodi, mkoba mkononi. Hakuna programu inayohitajika. Jicho na jua tu. Bibi alifariki mwaka 1988 na mimi sikupata kumfahamu vizuri. Katika picha zote tulizokuwa nazo za karatasi alikuwa amekatwa nusu pembeni. Kwenye negativu yuko mzima, maana mashine ya kuchapisha ilikata kingo.

Harusi ya dada yangu ilikuwa mwaka 2004. Mpiga picha alitumia dijitali, jambo la kujivunia siku hizo, akatupa CD moja. Hakukuwa na negativu. CD hiyo haisomeki. Nimeijaribu kwenye kompyuta nne na kwa programu tatu za kuokoa data, na tabaka lake limebanduka kama ngozi ya kitunguu. Zimebaki picha kumi na moja zilizochapishwa. Ya miaka 45 inasomeka, ya miaka 20 imekufa.

Sisemi turudi kwenye filamu. Mimi hulipwa kwa kazi ya kompyuta, na simu yangu inapiga picha za usiku ambazo Barnack angezishangaa. Nasema kwamba muundo uliodumu ulikuwa na sifa tatu: unasomeka bila mashine maalumu, haumilikiwi na mlango mmoja, na uliongezewa mambo bila kuvunja ya jana. Ukichagua mahali pa kuweka picha za watoto wako, uliza maswali hayo matatu.

Ukifika nyumbani

Tafuta mkebe wenu. Kila nyumba ina mmoja. Kisha:

- Zinuse negativu. Zikinuka siki, plastiki yake imeanza kuoza, na haiponi. Joto na unyevu huharakisha, kwa hiyo walio Pwani msichelewe. Zitenge na nyingine, anza kuskani hizo.
- Ziondoe kwenye mifuko ya plastiki laini inayonata. Bahasha za karatasi isiyo na asidi au za polipropilini ni bora. Weka mahali pakavu na baridi.
- Skana ya 2400 dpi itakupa takriban pikseli 3400 kwa 2270 kwa kila picha, karibu megapikseli 7.7. Ya 4000 dpi itakupa karibu 21. Kwa albamu ya familia ya kwanza inatosha.
- Ile rangi ya machungwa kwenye negativu za rangi si uchafu. Iliwekwa makusudi kusahihisha kasoro za rangi za filamu. Pima rangi ya sehemu tupu kati ya picha mbili, gawanya kila pikseli kwa rangi hiyo, ndipo ugeuze. GIMP inafanya, na mistari michache ya Python pia.
- Hifadhi nakala zaidi ya moja, sehemu tofauti. Na ukishamaliza, usitupe negativu! Skani ni nakala. Ile ndiyo asili.

Na la mwisho, kaa na mzazi au mjomba, umwonyeshe picha moja moja, uandike majina. Filamu ilihifadhi sura zote. Majina haikuweza, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka.

Tuonane wiki ijayo. Nitarudi kwenye hifadhidata, naahidi.